Umeme umefika, mkaa haujaondoka

Kuna kitu nimekuwa nikikiona katika nyumba nyingi za uswahilini, Mbagala, Tandale, Buguruni, na hata kwenye vyumba vya kupanga vya Kimara. Kwenye kona ya chumba pana mtungi mdogo wa gesi, ule wa kilo 6, rangi yake bado inang'aa. Juu yake limewekwa begi la shule la mtoto, au wenyewe umegeuzwa kigoda cha mgeni. Nje, mlangoni, jiko la mkaa linafuka na sufuria ya maharage iko juu yake. Ukutani mita ya LUKU inapepesa taa yake. Nyumba ina umeme, ina mtungi wa gesi, na inapika kwa mkaa.

Ukimuuliza mama mwenye jiko, hatakuambia kwamba haifahamu nishati safi. Anaifahamu. Mtungi aliupata kwenye mkutano wa hadhara au kwa bei ya ruzuku, akapikia kwa raha zake mpaka gesi ilipoisha. Kuujaza tena kunataka zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo. Mkaa anaupata gengeni kwa kopo, kwa fedha ya siku hiyo hiyo. Ukipiga hesabu ya mwezi mzima unaweza kukuta mkaa ndio uliomgharimu zaidi. Lakini nani mwenye mwezi mzima mkononi? Mume anaendesha bodaboda ya mkataba, mke anauza vitumbua. Pesa inaingia asubuhi, jioni imeshatoka.

Niseme mapema ili tusipotezeane muda. Ushirikiano wa mataifa katika nishati tunauhitaji, na wanaodai tunaweza kujitenga nao hawajawahi kununua transfoma. Ugomvi wangu ni na kipimo. Nguzo zinahesabika, mitungi inahesabika, megawati zinahesabika, na mabilioni ya dola yanasomeka vizuri jukwaani. Bei ya uniti kwa mtu anayenunua umeme wa shilingi 2,000, na bei ya gesi kwa mtu mwenye shilingi 1,500, hazipewi nafasi hiyo kwenye taarifa za wafadhili wala za mawaziri wetu. Na hapo ndipo familia inapoamua ipikie nini leo.

Ahadi za Paris na Dar es Salaam

Mei 2024 Shirika la Kimataifa la Nishati liliitisha mkutano mjini Paris kuhusu nishati safi ya kupikia barani Afrika. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mmoja wa wenyeviti wenza, pamoja na Waziri Mkuu wa Norway, Jonas Gahr Støre, na Akinwumi Adesina, aliyekuwa Rais wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Zikaahidiwa dola bilioni 2.2. Januari 2025 ikawa zamu yetu. Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika zilikuja Dar es Salaam na mpango wa Misheni 300, unaotaka kuwafikishia umeme Waafrika milioni 300 ifikapo 2030, katika bara ambalo karibu watu milioni 600 hawana. Nchi 12 ziliwasilisha mikataba yao ya kitaifa, Tanzania ikiwemo; sisi tulijiwekea lengo la kuunganisha asilimia 75 ya wananchi ifikapo mwaka huo. Wakazi wengi wa Dar, kwa haki kabisa, wanaukumbuka mkutano ule kwa barabara zilizofungwa.

Ahadi ni deni, walisema wazee, na walimaanisha kwamba anayeahidi ndiye anayedaiwa. Kwenye mikutano hii mambo yamepinduka: anayeahidi ndiye atakayedai. Sehemu kubwa ya mabilioni yanayotangazwa ni mikopo. Mingine ni nafuu kweli, ya muda mrefu na riba ndogo, na hiyo sina neno nayo. Mingine ni ya kibiashara, na mkopaji wa Afrika hutozwa riba inayoweza kuwa mara mbili au tatu ya anayotozwa mwenzake wa nchi tajiri kwa mtambo ule ule wa jua. Bara letu lina sehemu kubwa ya maeneo yenye jua bora duniani, karibu asilimia 60, na bado mitambo ya umeme jua iliyofungwa hapa ni kama asilimia 1 ya ile ya dunia nzima. Jua halijatunyima. Tumenyimwa mkopo wa bei ya kawaida.

Afrika Kusini waliliona hili mapema. Mwaka 2021 huko Glasgow waliahidiwa dola bilioni 8.5 na mataifa tajiri ili waachane na makaa ya mawe. Walipofungua kifurushi wakakuta ruzuku ni kiduchu na mikopo ndiyo imejaa. Machi 2025 Marekani ikajitoa kwenye mpango huo. Mwaka huo huo ikaua na Power Africa, mradi ulioanzishwa na Obama mwaka 2013 kwa mbwembwe nyingi. Utawala ulibadilika Washington, na mtu wa kijijini aliyekuwa akisubiri sola akaambiwa asiendelee kusubiri.

Dola inavyoingia kwenye bili

Anayetaka kuona jinsi mkataba wa kimataifa unavyomfikia mama wa nyumbani asome bili ya umeme ya Kenya. Chini ya bei ya uniti kuna mistari midogo midogo: gharama ya mafuta ya mitambo, tozo ya maji, tozo ya umeme vijijini, na mmoja unaofidia mabadiliko ya thamani ya fedha za kigeni. Mstari huo upo kwa sababu mitambo imejengwa kwa mikopo ya dola na yuro, na wazalishaji binafsi hulipwa kwa fedha hizo. Shilingi ya Kenya ilipoporomoka hadi karibu 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024, hatari ile haikubebwa na benki ya Ulaya. Ilibebwa na kinyozi wa Kayole, kila aliponunua tokeni.

Kisa cha Ziwa Turkana kinafundisha zaidi. Pale Loiyangalani, kwenye upepo mkali wa Marsabit, ilisimamishwa minara 365 yenye uwezo wa megawati 310. Ni mradi wa kujivunia kwa macho: fedha kutoka Ulaya, Benki ya Maendeleo ya Afrika ikiongoza wakopeshaji, umeme usio na moshi. Lakini mkataba uliitaka Kenya ilipie umeme hata kama haijauchukua. Benki ya Dunia ilijitoa mwaka 2012, ikihofia hasa kifungu hicho. Minara ikakamilika mwaka 2017, ila njia ya kusafirishia umeme hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikuwa bado. Kampuni ya Uhispania iliyopewa kazi hiyo ilikwama kifedha, wakandarasi wengine wakaletwa kuimalizia, na umeme ukaanza kupita Septemba 2018. Kipindi chote hicho mapanga yalikuwa yamesimama na mita ya faini inazunguka. Kenya ililipa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukuwasha hata balbu moja, na sehemu ya fedha hizo ilitoka kwa wateja.

Na wafugaji waliokuwa wakichunga pale? Mwaka 2021 mahakama ya Meru ilisema hati za ardhi ya mradi zilipatikana kinyume cha utaratibu. Nishati inaweza kuwa safi kwa hewa na mkataba wake ukawa mchafu.

Sisemi mgeni asije. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na Kenya hiyo hiyo imepona kwa mgeni mwingine. Olkaria ilianza kutoa umeme wa mvuke wa ardhini mwaka 1981, baada ya utafiti uliosaidiwa na Umoja wa Mataifa. Iceland, nchi yenye watu wachache kuliko wilaya ya Temeke, ikafungua milango ya chuo chake cha jotoardhi kwa wataalamu wa nchi maskini, na Wakenya ndio waliokwenda kwa wingi kuliko taifa lingine lolote. Tangu hapo Wakenya wamechoronga visima hadi Ethiopia na Djibouti. Mvuke ule haununuliwi kwa dola kila mwezi, na ujuzi ulioletwa na ushirikiano ule hauna kifungu cha fedha za kigeni. Ushirikiano wa aina hii hauna picha nzuri ya kukata utepe, labda ndiyo maana ni haba.

Umeme wa kumwaga, jiko la kupepea

Turudi kwetu. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina mashine 9 zenye uwezo wa megawati 2,115. Tulilijenga kwa fedha zetu, wakandarasi wakiwa Wamisri, baada ya wakopeshaji wa Magharibi kulikwepa kwa sababu za mazingira. Mashine ya kwanza iliwashwa mwanzoni mwa 2024, na mgao uliokuwa ukituunguzia friji na subira ukaisha. Wiki chache baadaye tukasikia habari ambayo kizazi changu hakikutarajia kuisikia: umeme umezidi mahitaji, baadhi ya mitambo ya maji inazimwa.

Umeme unazidi gridini huku jiji zima linapepea mkaa! Inawezekanaje?

Jibu moja liko kwenye jedwali la bei. Kwa viwango vilivyopangwa mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani analipa shilingi 100 kwa uniti, ilimradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Ongeza kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, ya REA kwa umeme vijijini asilimia 3 na ya mdhibiti EWURA asilimia 1, inakuwa 122. Ni bei nzuri, nani anabisha? Akivuka 75, kila uniti ya ziada inaruka hadi 350 kabla ya kodi. Akizoea kuvuka, huhamishiwa kundi la juu ambako kila uniti, kuanzia ya kwanza, ni 292 kabla ya kodi. Juu ya hayo, kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU.

Sasa fikiria familia inayotumia uniti 50 kwa taa, televisheni, feni na friji ndogo. Ikianza kupika kwa umeme, hata kwa uangalifu, uniti moja au mbili kwa siku haziepukiki. Mwezi hauishi kabla haijagonga dari la 75. Familia inayopika kwa mkaa inabaki kwenye bei ya mnyonge, na inayothubutu kuuacha inahesabiwa kuwa tajiri. Serikali ina mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Jedwali la bei linausukuma mkakati huo nyuma kila mwisho wa mwezi.

Jambo hili linauma zaidi kwa sababu chombo kipo. Wataalamu wa mradi wa mapishi ya kisasa unaolipiwa na Uingereza na kuongozwa na Chuo Kikuu cha Loughborough wamepima vyakula vyetu wenyewe, maharage, makande, nyama ya utumbo, kwenye jiko la presha la umeme. Maharage ya familia yanaiva kwa chini ya uniti moja. Kwa bei ya 122 hakuna kopo la mkaa litakaloshindana na hapo. Utafiti ni wa msaada wa kigeni, maharage ni ya Mbeya, umeme ni wa Rufiji, na kinachobaki ni uamuzi wa bei na namna ya kumwezesha mama kulilipia jiko lenyewe pole pole. Uamuzi wa kwanza hauhitaji hata senti ya mfadhili.

Fimbo ya mbali haiui nyoka

Tunapozungumzia ushirikiano wa kimataifa, macho yetu hukimbilia Ulaya na Marekani. Mimi naona majirani ndio waliotufaa kimya kimya. Kwa miaka mingi Bukoba iliwashwa na umeme wa Uganda na Sumbawanga ikawashwa na wa Zambia, na hakuna aliyeandika hotuba. Kule Rusumo, kwenye mpaka wa Ngara na Rwanda, nchi tatu zimejenga mtambo wa megawati 80 kwa fedha za Benki ya Dunia na kugawana sawa kwa sawa: Burundi, Rwanda, Tanzania. Kwa Burundi, ambako wenye umeme ni wachache mno, megawati 26 na ushei si utani.

Mwaka 2022 Kenya ilianza kununua umeme wa maji wa Ethiopia kupitia njia ya zaidi ya kilomita 1,000, na nyaya za Singida hadi Namanga zimetuunganisha na njia hiyo. Machi 2025 Rais aliposema mikoa ya kaskazini itanunua umeme huo, mitandao iliwaka: tuna bwawa letu, tunanunua wa nini? Hasira naielewa, hoja siikubali. Kutoka Rufiji hadi Arusha ni mbali, umeme hupungua njiani, na mkoa ulio mwisho wa waya ndio unaopata umeme mdogo usioweza kuzungusha mashine ya kusaga. Kununua kaskazini na kuuza kwingine ni biashara ya kawaida. Nitakachodai ni bei: tumenunua kwa senti ngapi, kwa fedha gani, na tukiwa na ziada nasi tutamuuzia nani?

Wazanzibari hawahitaji kufundishwa thamani ya waya wa pili. Desemba 2009 kebo iliyowaunganisha na bara kupitia chini ya bahari iliharibika, Unguja ikakaa gizani takribani miezi mitatu. Samaki waliharibika, hoteli zikanguruma jenereta, maji yakawa ya kuvizia. Kebo mpya ya megawati 100 ililetwa kwa msaada wa Marekani na kukamilika mwaka 2013. Pemba nayo ilikuwa ikiishi kwa jenereta za dizeli hadi 2010, ilipovutiwa kebo kutoka Tanga kwa fedha za Norway. Misaada ile haikuacha deni kwenye tokeni ya mvuvi wa Wete, wala hakuna aliyemtaka alipie umeme asiotumia. Wafadhili wanajua kufanya hivyo wakitaka.

Kibaba cha gesi

Haba na haba hujaza kibaba, na uchumi wa nyumba zetu unaendeshwa kwa kibaba hicho. Sukari ya kupima, mafuta ya kupima, sabuni ya kukata. LUKU yenyewe ilipokelewa vizuri kwa sababu inamruhusu mtu kununua umeme wa fedha aliyonayo. Msaada wa kigeni unaozielewa nyumba hizi umewahi kufanya makubwa kwa fedha ndogo. M-Pesa, iliyozinduliwa Kenya mwaka 2007, ilianza kwa kuchangiwa karibu pauni milioni 1 na serikali ya Uingereza, kampuni ya simu ikaweka nayo kiasi chake. Juu ya mgongo wake ikaja M-Kopa, iliyowakopesha Wakenya sola ya nyumbani kwa malipo ya shilingi 50 za Kenya kwa siku, karibu na kile walichokuwa wakichoma kwenye mafuta ya taa.

Gesi ya namna hiyo ipo. Mtungi unafungwa mita, mteja analipa kwa simu shilingi alizonazo, gesi inatoka kiasi hicho, ikikaribia kwisha kampuni inajua na kuleta mtungi mwingine. Teknolojia hii ilibuniwa na kujaribiwa hapa hapa Dar es Salaam na KopaGas kabla ya kununuliwa na kampuni ya Uingereza mwaka 2020. Kinachoikwamisha ni gharama ya mita na mtaji wa kuisambaza. Basi hapo ndipo dola za Paris zingewekwa. Mfadhili alipe kwa kila kilo ya gesi iliyopikiwa mwaka wa pili na wa tatu, baada ya wapiga picha kuondoka, badala ya kulipa kwa mtungi uliogawiwa. Mgawaji akijua fedha yake iko kwenye mjazo wa kumi, atahakikisha mjazo wa pili unafika.

Nasi tusijifanye hatuna mkono. Kenya iliweka kodi ya asilimia 16 kwenye gesi Julai 2021, ikaona watu wakirudi kwenye mkaa, ikapunguza hadi 8 mwaka uliofuata, ikaifuta mwaka 2023. Miaka miwili ya moshi kwa ajili ya kodi iliyorudishwa ilikotoka.

Watu wa benki huniambia kwamba kufidia gesi na umeme wa kupikia kunaharibu soko. Soko lipi? Mkaa nao una ruzuku. Mti wa Kilosa au Handeni unakatwa bila mtu kulipia miaka yake 20 ya kukua, na moshi unalipiwa na mapafu: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani inaua karibu watu milioni 3 duniani kila mwaka, na wanaokaa karibu zaidi na jiko ni kina mama na watoto. Waswisi waliwahi kulitazama suala hili kwa jicho la wakulima, wakafadhili vijiji vya Kilosa vivune mkaa kwa zamu kwenye misitu yao na kutoza ushuru wake, fedha zikajenga madarasa. Vijiji vile vilionyesha kwamba mkaa unaolipia mti wake hauwezi kuwa wa bei ya kutupa. Ndiyo bei halisi ambayo gesi na umeme vingepaswa kushindana nayo.

Mkataba wetu wa Misheni 300 una miaka michache iliyobaki, na ndani yake zimo takwimu za nyaya zitakazovutwa na wateja watakaounganishwa. Ningependa kuona kipengele kimoja kikiongezwa, cha kaya ngapi zilizounganishwa bado zinapika kwa mkaa baada ya miaka miwili, na kisomwe bungeni kila mwaka pamoja na bajeti ya Wizara ya Nishati. Wakati wakopeshaji wanalitafakari hilo, EWURA ina uwezo wa kuanza na dari la uniti 75: ilipandishe, au itenge bei ya kupikia kwa saa za mchana ambapo gridi ina umeme wa ziada. Kwa kazi hiyo hakuna haja ya kufunga barabara.